Gogo Nomusa Alipokuja Kuomba Kiswahili

Enzi zetu, na msicheke kwa kuwa bado sijatimiza miaka ishirini na miwili, Jumamosi ya mtaa wetu wa Rosettenville ilianza na harufu ya nywele. Mama alifungua saluni katika chumba chetu cha mbele, na maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta yakishaanza kutoa mvuke, nilijua ni wakati wa kutoroka. Nje tuliruka kamba ya soksi ndefu zilizochakaa, tulizozifunga ncha kwa ncha. Tukichoka tulinunua magwinya kwenye spaza, duka dogo la kona, yale mandazi ya huku yenye mafuta ya kutosha kupaka magoti yote mawili. Siku hizi mtoto ukimpaka mafuta anauliza kwanza kama yana harufu ya stroberi.

Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya kukaripiwa. Mama aliniita kwa Kiswahili, mimi nikaitika kwa Kizulu. Wazazi wangu walitoka mji wa Uvira, kunakosemwa Kiswahili, nikiwa mgongoni, na nyinyi mliokulia huku mnajua aibu ile ya mzazi kukuita kwa sauti mbele ya wenzako. Hata jina langu, Furaha, nililificha. Shuleni nilijiita Jabulile, ambalo ni furaha ileile iliyovaa nguo za Kizulu.

Kwa jina hilo niliingia kwenye kundi la Gogo Nomusa. Gogo ni bibi kwa Kizulu, naye alikuwa bibi wa watu wengi asiowazaa. Alishona shanga Jeppestown, mtaa mwingine wa jiji letu, na kila Jumatano alikuja shuleni kwetu kutufundisha nyimbo za kwao na indlamu, ngoma ya kuinua mguu juu kabisa na kuushusha kwa kishindo. "Mguu usiosikika haujafika chini," alikuwa akisema. Mwaka 2017, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, aliniteua nifanye mazoezi na kundi lenyewe, watu wazima kwa watoto, katika ukumbi wa Jeppestown.

Papa alikuwa amenikataza kukanyaga kule. Alikuwa mlinzi kwenye duka moja la fanicha Turffontein, mtu mpole, lakini ukimtajia Jeppestown uso ulikunjika. Miaka michache nyuma kundi la watu lilimvunjia rafiki yake duka kule, likachukua kila kitu, likamwambia arudi kwao. "Sitaki mtoto yangu aende kule," alisema, na hakurudia. Kwa hiyo nilidanganya. Kwa Jumamosi saba niliaga nakwenda kwaya ya kanisa.

Jumamosi ya nane Gogo Nomusa alitukusanya, macho yakimng'aa. Kundi lilikuwa limealikwa Dar es Salaam kwa wiki nzima, likawaonyeshe watu wa huko ngoma za Kizulu.

"Sitaki kwenda kuimba mbele ya watu bila kuwasalimia kwa lugha yao," alisema. "Nani anajua Kiswahili?"

Sijui nini kiliuinua mkono wangu.

Gogo alinikaribia. "Kumbe wewe si Jabulile."

"Ni Furaha, Gogo."

"Na nyumbani wanajua uko hapa?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Basi kesho nakuja," akasema. "Siwezi kumwazima mtoto ambaye baba yake hajui amekwenda wapi."

Usiku ule sikupata usingizi. Alikuja Jumapili baada ya ibada, kwa basi, amevaa kofia yake nyekundu ya heshima. Papa hakukijua Kizulu vizuri na Gogo hakujua Kiswahili hata kidogo, kwa hiyo walikaa kwenye viti vya saluni huku mimi nimesimama katikati, nikitafsiri. Niliungama uongo wangu kwa lugha zote mbili.

Papa hakunifokea. Alimtazama mgeni wake. "Mwambie watu wa kwake ndio walivunja duka la rafiki yangu."

Nilitafuta namna ya kuyalainisha maneno.

"Yaseme yote, mwanangu," Gogo aliniambia. "Usipunguze."

Nikayasema. Gogo aliivua kofia yake, akaiweka mapajani, akaanza kusema polepole ili niweze kumfuata. "Mwambie baba yako najua. Siku ile nilisikia vioo vikivunjika, nikafunga mlango wangu. Sikuvunja kitu, lakini sikutoka pia. Sikuja kujitetea. Nimekuja kuomba."

Nilipotafsiri habari ya mlango uliofungwa, Mama, aliyekuwa akifagia nywele, aliacha kufagia. Papa aliinama akasugua viganja vyake, kisha akauliza swali ambalo sitalisahau:

"Ameshakula?"

Alikula bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu cha kwetu, akaomba pilipili ziongezwe. Kuanzia wiki ile Papa mwenyewe alinipeleka Jeppestown. Mwanzoni alisubiri nje, baadaye mlangoni, mwisho alipewa kiti ndani.

Kufundisha kulikuwa kazi. "Habari" ilitoka "habali," "karibu" ikawa "kalibu." Niliposema "hamjambo" walicheka, kwani kwa Kizulu hamba ni nenda, wakauliza kwa nini tunamfukuza mgeni hata hajaketi. Lakini mtu ni umuntu, nyama ni inyama, na ngoma ni ingoma. Na mimi, mwalimu, nilikuwa na Kiswahili cha kuokoteza. Kila jioni nilimfuata Mama na daftari: "Mama, hii inasemwaje sawasawa?" Hakuonyesha kushangaa, ila siku hizo alisuka nywele akiimba.

Sikusafiri nao. Tulikuwa na karatasi ya hifadhi tu, ile ya wakimbizi, na karatasi ile haivuki mpaka. Nililia kwenye blanketi siku waliyoondoka, na Mama hakuniambia ninyamaze.

Siku ya nne video iliingia kwenye simu ya Mama. Gogo Nomusa amesimama mbele ya umati, jasho likimtiririka. "Hamjambo! Sisi ni watu wa kwa Zulu. Kiswahili hiki tumefundishwa na binti yenu, Furaha. Anaishi kwetu." Umati ukalipuka kwa vigelegele. Papa aliitazama mara tano, akatoka kwenda uani, na aliporudi alikuwa amenawa uso.

Jumatatu iliyofuata nilimwambia mwalimu wa darasa abadilishe jina langu kwenye orodha, aandike Furaha.

Kundi limekwisha sasa. Magoti ya Gogo yalichoka, akarudi kwao milimani. Mdogo wangu Neema ana miaka kumi na mmoja. Anacheza indlamu aliyojifunza kwenye simu, jikoni, na soksi zake, taratibu kwani sasa tunakaa ghorofani, ili jirani wa chini asipige dari. Anapata mioyo mia mbili kwenye skrini, na nasema kweli, ananishinda. Juzi nilimuuliza nani alimfundisha.

"Dada fulani tu," akasema. "Simjui jina."

Mimi mwalimu wangu nilimjua jina, nikajua na kituo cha basi alichokuwa akishukia. Akichelewa dakika kumi tu, watu kumi na wanne tulitoka barabarani kumtazamia.