Reli ya Mianzi ya Papa Evode

Papa Evode alifanya kazi miaka kumi na miwili kwenye reli ya Kindu. Mwaka 1965 alirudi kwetu Mushaki, mahali treni haijafika hata siku moja, akaijenga nyumbani: reli za mianzi, milima ya udongo, mabehewa ya makopo ya sardini, na mwishoni stesheni ya Kindu. Ilijaza chumba chote cha maharagwe. Mimi, jirani yake niliyeacha diploma katikati, nilidhani angalau yeye atamaliza kitu.

Wapi. Fukusi walikula mianzi. Mara tatu alibomoa akajenga upya, mgongo ukapinda.

Siku ya mavuno mke wake, Mama Béata, alisimama mlangoni na kikapu kichwani.

“Papa, maharagwe italala wapi?”

“Nimechoka, Mama. Tosha yote, tupa inje.”

“Shefu wa gare,” nikamwuliza Papa kama mkuu wa stesheni, “treni imechelewa ao imekufa?”



Mama alitazama unga wa mianzi chini ya reli. Akaleta majivu, yale anayochanganya na maharagwe yasiliwe, akayanyunyiza njia nzima.

“Fukusi zako zisiguse chakula yangu,” akasema. “Na Kindu isogee kule pembeni.”

Papa Evode akapiga magoti polepole, akaanza kung'oa Kindu aisogeze.