Gari Kwenye Mlango Wetu wa Nyuma

Tangu tumzike mume wangu yamesemwa mengi, na mengi nimeyaacha yapite, kwa sababu mtu mzima hajibizani na kila mdomo. Lakini juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shule akaniuliza kama ni kweli babu yake alitoa rushwa. Aliuliza huku akifungua kamba za viatu, kama anayeuliza kuna nini cha kula. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimetia sahihi. Kwa hiyo nasema mara moja, kwa maandishi, nikiwa na akili zangu timamu: gari la Mwenyekiti wa kamati ya afya lilisimama kwenye mlango wetu wa nyuma, tena zaidi ya mara moja. Hilo ni kweli. Yaliyobaki ni ya kutunga.

Mume wangu alikuwa daktari wa familia. Wengine wakisikia hivyo hudhani ni daktari ambaye hakufika mbali, aliyeshindwa kuwa bingwa wa moyo au wa mifupa. Alifaulu kuliko wengi waliokuja kuitwa mabingwa, na vyeti vyake ninavyo. Alichagua tu kutibu watu badala ya viungo. Alimjua bibi, akamjua binti wa bibi, akampokea mjukuu, na kikohozi cha mmoja kilimpa habari za nyumba nzima. Kliniki yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu: benchi chini ya dirisha, mizani ya kusimamia, pazia la buluu nililolishona mwenyewe, na bomba la sinki ambalo halikufunga mpaka ulibembeleze. Mimi nilifundisha historia sekondari. Nikirudi mchana ilibidi nipite katikati ya wagonjwa ili nifike jikoni kwangu, na kila mmoja alinisalimu na kunionyesha panapomuuma, kana kwamba ndoa ilinipa na mimi udaktari.

Alikuwa na tabia moja ambayo wenzake walimtania. Hakumaliza kazi mgonjwa akiwa kitini. Akishaandika dawa, alisimama, akamsindikiza mpaka mlangoni, na mgonjwa akishashika kitasa ndipo alipouliza taratibu, "Na lile jingine?" Basi hapo ndipo yalipotoka. Aliyekuja na mafua akasema jicho moja halioni vizuri. Aliyekuja kwa ajili ya mgongo akasema mumewe hajarudi nyumbani tangu mwisho wa mwezi.

"Mtu akikaa kwenye kiti cha daktari anafanya mtihani," aliniambia. "Akisimama aende zake ndiyo anaongea."

Mtaani wakamwita Daktari Kitasa. Mimi jina hilo sikulipenda. Yeye alilipenda.

Ni kitasa hichohicho kilichompeleka kwa wakubwa. Wakati ule palikuwa na kanuni: dawa za kumeza maisha yote, za sukari, za presha na nyingine za aina hiyo, zilitolewa hospitali kuu peke yake, kila mwezi, tena mkononi mwa mgonjwa mwenyewe. Kliniki za mitaani zilipima na kuandika tu. Walioitunga kanuni walikuwa na sababu zao, maana dawa zilikuwa zikiibwa. Ila hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama kwenye foleni ile.

Jirani yetu mmoja, fundi cherehani, alikuwa na sukari. Mwanamke mcheshi, mdomo wake hauna breki. Siku moja alikuja na kidonda mguuni, akasafishwa, akafungwa bendeji, akasindikizwa. Mlangoni akaulizwa lile jingine.

"Vidonge nameza nusu nusu, daktari."

"Nani alikwambia ufanye hivyo?"

"Nguo za watu ndizo zilizoniambia. Nikienda hospitali kuu siku nzima imekwenda, na bibi harusi hanisubiri. Nikivigawa vinanifikisha mbali."

Vilimfikisha kukatwa mguu. Mume wangu alikwenda kumwona wodini, akarudi, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, siyo kwenye kiti chake.

"Niliandika dawa sahihi, mama watoto," alisema. "Sahihi kabisa. Na mguu umekwenda."

Kuanzia hapo kila mwenye dawa za kudumu aliulizwa mlangoni kama anazigawa. Akawauliza na wenzake wa kliniki nyingine, nao wakakuta yaleyale, nusu nusu kila mtaa. Jumamosi mchana wakawa wanakutana sebuleni kwangu, madaktari wa familia watupu, wanakunywa chai yangu na kukatizana maneno. Wanaosema aliwatupa wagonjwa akafuata siasa wangekuja tu wakaona. Asubuhi alikuwa na stethoskopu shingoni, alasiri alikuwa kwenye korido za ofisi za watu, akisubiri kuitwa kama wagonjwa wake walivyozoea kumsubiri yeye. Watu wa chama walikuja kumshawishi agombee ubunge, akawauliza wangapi kati yao wamepima presha mwaka ule. Hawakurudi.

Mara ya kwanza walipopewa nafasi mbele ya kamati ya afya walifanya kosa ambalo ni madaktari tu wangelifanya. Walieleza jambo lao kama wanavyoelezana wodini asubuhi. "Mgonjwa wa kike, umri wa makamo," mume wangu alianza, "malalamiko makuu ni kidonda kisichopona." Akaendelea na historia ya ugonjwa, na ya familia, na vipimo, kwa utaratibu wake wote. Mjumbe mmoja mnene aliyekuwa akisinzia akazinduka.

"Samahani, daktari. Huyu mgonjwa unataka tumlaze wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na jambo likaahirishwa.

Jioni ile nilimwambia asimulie kama alivyonisimulia mimi. "Nimefundisha miaka mingi. Hakuna darasa linalomhurumia mgonjwa wa kike wa makamo. Wape fundi."

"Siwezi kumtangaza mgonjwa."

"Si ukamuulize."

Akaenda kumuuliza. Fundi alikuwa amesharudi kazini, anakanyaga cherehani kwa mguu uliobaki. Hakusimamisha hata mshono. "Sema, daktari. Jina langu sema, mtaa sema. Na kiatu changu cha kushoto sina kazi nacho tena, wapelekee."

Kabla ya kikao cha pili ndipo gari lilipokuja. Ilikuwa Jumapili, jua bado kali, mimi nachambua mchele jikoni. Mwenyekiti wa ile kamati ya afya akasimama mlangoni amevua kofia, mtu mkubwa, sauti ndogo.

"Shemeji, daktari nimemkuta? Nina jambo dogo tu."

Hakuwa shemeji yangu kwa upande wowote, lakini nilimkaribisha. Mume wangu alimpitisha jikoni kwangu mpaka kliniki, akafunga mlango. Walipomaliza akamsindikiza, na Mwenyekiti alipokwisha kushika kitasa cha mlango wangu wa nyuma nikasikia, "Na lile jingine?" Alisimama pale muda mrefu kuliko wagonjwa wote niliowahi kuwaona.

"Hakuna," akasema, akaondoka. Alirudi tena baadaye, na jibu likawa lilelile.

Mimi sikuambiwa kitu. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kuambiwa ugonjwa wa mtu, hata wa mama yangu mzazi. Lakini ng'ambo ya ukuta wetu yupo jirani ambaye tangu ahamie tunamwita Bi Dirisha, nanyi mtajua kwa nini. Kesho yake alikuja kuomba chumvi.

"Shoga, wageni wenu siku hizi wazito."

"Mizani ipo," nikamjibu, nikampa chumvi yake.

Daktari mmoja wa wale wa Jumamosi, aliyepata kuwa mwanafunzi wa mume wangu, naye aliliona gari. Alimweka mzee wake pembeni, ila sebule yangu si kubwa kiasi cha kuwa na pembeni.

"Mzee, yule si mgonjwa wako? Kama hata yeye anaikimbia foleni ile, mtaje kwenye kikao. Ukimtaja tu tumeshinda."

"Na Jumatatu nani atakuja kushika kitasa changu?"

"Mzee, fikiria na wengine. Miguu ya watu."

"Naifikiria kila siku. Kunywa chai."

Siku ya kikao cha pili nilikaa viti vya wananchi, nyuma kabisa, pamoja na fundi na magongo yake. Mume wangu alisimulia habari za fundi kwa maneno ya kawaida, nusu kidonge baada ya nusu kidonge, na safari hii hakuna aliyesinzia. Akaeleza wanachoomba: dawa zitolewe kliniki za mitaani, na ndugu aruhusiwe kumchukulia mgonjwa. Nikaona vichwa vinatikisika kukubali. Ndipo akasimama yule mjumbe mnene.

"Daktari, kabla hatujaanza kulia, tuambie. Ni kweli Mwenyekiti wetu huonekana nyumbani kwako, mlango wa nyuma?"

Mwenyekiti alikuwa akipanga karatasi zilizokwisha kupangika.

"Nyumba yangu ni kliniki, mheshimiwa," mume wangu alijibu. "Anayeingia simtaji."

"Kwa hiyo ameingia."

"Aliyeingia simtaji, na asiyeingia simtaji."

"Kama hujampa kitu, unaficha nini?"

"Kazi yangu."

Ukumbi ukalipuka. Waandishi wa habari walichomoka mbio wakawahi simu zao. Yule daktari mwanafunzi wake aliinama akamnong'oneza, na kwa midomo yake nilisoma, "Neno moja tu, mzee." Hata mimi nililitaka neno hilo. Miaka yote ile ya jina safi ilikuwa inapeperuka mbele ya macho yangu, na kanuni inapeperuka nayo, kwa sababu nani angepitisha ombi la mtu aliyehonga? Fundi akanibana mkono.

"Mumeo anajimaliza hivi hivi?"

Mume wangu alikunja miwani yake, akakaa.

Mwenyekiti aliahirisha kikao bila kutaja tarehe, na kila mtu alijua maana yake. Watu wakaanza kutoka. Mume wangu hakutoka. Alikwenda akasimama mlangoni, kama alivyosimama maisha yake yote kwenye mlango wetu, akawapa mkono wajumbe mmoja mmoja, hata yule mnene. Mwenyekiti alikuja wa mwisho. Akashika kitasa. Kutoka nilipokaa sikusikia kitu, lakini midomo ya mume wangu niliijua.

Mwenyekiti alisimama. Kisha akaachia kitasa, akarudi mpaka kwenye kiti chake, akawaita wajumbe waliokuwa kwenye korido.

"Kaeni, waheshimiwa. Mimi ni mgonjwa wa daktari huyu," alisema, kwa sauti ileile ndogo ya jikoni kwangu. "Aliniandikia dawa, na dawa hiyo sijaimeza ipasavyo, kwa sababu siwezi kuonekana kwenye foleni ya hospitali kuu nimeshika kadi. Kila nikitoka ananiuliza kama kuna jingine, nami namwambia hakuna. Basi jingine ni hilo. Kanuni hii niliipitisha mimi, na imenishinda mimi."

Kanuni ilibadilishwa. Siku hizi fundi anachukulia dawa zake kona ya pili kutoka kwetu, au anamtuma binti yake, na mguu wa pili anao, anakanyagia cherehani. Wale madaktari wa Jumamosi bado wanakutana, ingawa chai yangu siku hizi wanaikuta imepoa. Mume wangu alirudi kliniki siku ya pili yake asubuhi, akafungua bomba lake la kubembeleza, akanawa mikono, akaita wa kwanza. Hakupewa cheo wala hakukiulizia.

Lakini waandishi walikuwa wameondoka na nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo iliyotoka kwa herufi kubwa. Nusu ya pili ilitoka siku nyingine, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro. Anayetaka kujua uvumi ulianzia wapi, umeanzia hapo, na Bi Dirisha akauongezea chumvi yangu mwenyewe.

Jana alikuja tena. Nilimsomea niliyoyaandika mpaka hapa, ili asije akasema hakusikia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasimama aende zake, akageuka akiwa ameshashika kitasa.

"Ila shoga, yule Mwenyekiti alikuwa anaumwa nini hasa?"

Mwenyekiti alisema yeye ni mgonjwa. Hakusema wa nini. Mume wangu hakusema. Kama mimi najua au sijui, hilo nalo ni langu. Nilimfungulia mlango Bi Dirisha, nami nawaambia nilivyomwambia yeye: sisemi.