Moshi wa Saidi

Kila asubuhi, kabla ya fujo za vita, mume wangu Saidi alichanganyia mafuta uani kwetu, mtaa wa Makiso. Alikuwa fundi wa pikipiki ndogo, zile zinazokunywa esanse, yaani petroli, iliyotiwa mafuta ya injini. Alitanguliza mafuta chupani, akaongeza esanse, akatikisa hadi mkono ukachoka, ndipo akamimina kwenye tangi. Na kila siku, jamani, alizidisha mafuta kidogo. Pikipiki yake ilitoa moshi wa kukera mtaa mzima.

"Papa Zaina, uko nanikausha kama samaki ya wavuvi Wagenia," nilimwambia, nikimwita kwa jina la binti yetu.

"Moshi haiue moteri, mama. Kukauka ndiyo inaua."

Waasi walipouteka mji, walimchukua awapelekee barua zao kwa pikipiki yake. Walimrudisha nyumbani kila jioni, lakini mimi nilishinda roho mkononi. Nikiusikia ule mlio mzito kwa mbali, nilikimbilia jikoni, nikakoroga sombe, majani ya muhogo, kama mtu asiye na habari naye. Alijua. Alikuwa akiingia anacheka, ananuka esanse, na mimi nilimpenda na harufu yake hiyo.

Mafuta ya injini yalipoadimika mjini, chupa ya mwisho alitembea nayo kwenye koti. Hakumwachia mtu. Heshima yake yote ilikuwa humo.

Jioni moja nikasikia pikipiki.

Ilikuwa yake, lakini ililia kwa sauti nyembamba, kavu, chuma kikisaga chuma.

Moshi haukuwapo.

Ikakwama karibu na mlango wetu. Akashuka mwanamume mwenye bunduki, nisiyemjua. Akapiga teke kuiwasha, haikuwaka. Mtu alikuwa ametia esanse tupu.

"Mama, hapa iko mutu anajua kutengeneza moteri?"

"Alikuwako," nikamjibu.

Akaiacha hapo, akaenda kwa miguu.

Nikaingia ndani, nikavua bangili kama mjane, nikaketi chini, nikalia. Saidi angekuwa hai, asingekubali iendeshwe kavu, hata kwa bunduki kichwani. Mama yake Saidi, tuliyekaa naye, alinikasirikia mno.

"Uko naua mutoto yangu na mdomo," alisema.

Maiti hatukuiona. Vita vilikwisha, na mama mkwe akaendelea kumwekea mwanawe chakula kila jioni, akikifunika kwa sahani, hadi alipofariki. Mimi sikuweka kitu. Nilikuwa nimesema kweli, na miaka yote ile nilimwonea wivu mama mkwe, yeye aliyeweza kungoja.