Spoku na Kisigino cha Mwanangu

Sheria za baiskeli za Ujerumani nilizisikia nikiwa nimekaa kwenye kochi la mama mkwe wangu, kule Makambako, mwanangu mapajani, mguu umefungwa bendeji hadi juu ya kifundo.

Wiki ile nilikuwa nampeleka shule ya awali Njombe, tunakokaa, kwa baiskeli aliyoiacha baba yake. Yeye kanisa lilimchagua kwenda kujitolea Ujerumani mwaka mzima. Ukungu ulikuwa mzito. Lori la nguzo likatujia nyuma na honi zake, nikakimbilia pembeni kwenye changarawe. Mtoto akaogopa, akabana miguu. Gurudumu likagoma kwanza, ndipo kilio kikaja. Zahanati wakamshona kisigino.

Mama mkwe akaniita niende kwake Makambako.

"Kamwene, mama," nikasalimia. Hakuitikia, alikuwa anatazama bendeji.

"Mwanamke gani anapakia mtoto kwenye keria kama kiroba cha viazi?"

"Angebebwa na nani, mama?"

"Usinijibu. Na mwenzio usimwambie. Mtu yuko ugenini, hapewi habari za kumtia mawazo."

Kwetu ndivyo ilivyo. Aliye mbali anapelekewa salamu na habari za mvua. Misiba na vidonda tunabaki navyo wenyewe.

Jioni mume wangu akapiga simu. Mama mkwe akaweka spika, maana mwanawe akipiga sharti na majirani wasikie.

"Mama, huku baiskeli ina sheria kama gari! Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, kengele, breki mbili. Ukishika simu huku unaendesha, faini. Ukiendesha umelewa, unaweza kufikishwa mahakamani."

"Ukilewa?" Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi marehemu baba yako angeozea huko!"

"Kofia ngumu sheria hailazimishi, ila wengi wanavaa. Mimi wenyeji wangu wamenipa ya bluu. Sasa mtoto, mama, humpakii hivihivi. Sharti awe na kiti chake, na kuwe na kinga, miguu isiingie kwenye spoku. Mimi ndiye nampeleka mtoto wao shule kila asubuhi. Namfunga mkanda, nakagua miguu, ndiyo tunaondoka. Nimewatumia picha."

Picha ikafunguka. Mtoto wa watu, buti nyekundu, kila mguu umetulia kwenye kikombe chake cha plastiki. Mume wangu ameinama anakaza mkanda, anacheka.

Mwanangu akaishika simu kwa mikono miwili. "Mama, baba anambeba nani?"

Mama mkwe akanitolea macho. Nyamaza. Nilikuwa nimenyamaza vya kutosha.

"Spoku zimekula kisigino cha mwanao," nikasema. "Kimeshonwa."

 Badala ya kuuliza mtoto anaendeleaje, mume wangu akauliza: "Ulimkalishaje? Huku mama wa hivyo angeitwa polisi."

"Na huku nimeitwa. Polisi mwenyewe mama yako."

Mama mkwe akakata simu. Hatukusemezana mpaka nilipopanda gari la kurudi.

Njombe nikampelekea baiskeli fundi wa kuchomelea. Nikamweleza kama lile bwana langu lilivyoeleza kwenye simu: wavu pande zote mbili za gurudumu, na pa kuwekea miguu.

"Dada, unafuga kuku humo?" akacheka. Lakini akachomelea vizuri. Nikaingiza vidole vyangu mwenyewe kujaribu. Havikupita.

Kidonda kilipofunga nikaitoa baiskeli nje asubuhi, nikafunga mto kwenye keria. Mtoto akasimama mlangoni, sweta mpaka magotini.

"Panda, mwanangu. Haiumi tena, tazama."

"Sitaki wewe. Baba akija atanifunga mkanda."

Nikambembeleza. Nikamfokea. Akashika fremu ya mlango, analia bila sauti. Baiskeli nikairudisha ndani. Nikambeba mgongoni, nikakaza kitenge, mtoto mkubwa miguu inaning'inia, tukashika njia kwa miguu, malori yanatupita. Na siku hiyo nayo mtu fulani Ujerumani alikagua miguu ya mtoto kabla ya kuondoka.