Jasho la Sanamu za Papa

Papa alipenda sanamu zake kuliko watu. Sisemi kwa ubaya, njo vile ilikuwa. Wafanyabiashara wengine wa Butembo walikwenda China kuleta vitenge na vipuri vya pikipiki. Yeye pia alileta hivyo, lakini ndani ya sanduku la mkononi alibeba sanamu za plastiki za bei kali, zile ambazo matajiri wanakusanya na kuziweka kwenye kabati ya vioo. Aliyoipenda zaidi ilikuwa ya mwanamke mpiganaji, nywele ndefu, upanga juu, amesimama kwa mguu mmoja. Mtoto akiiita jouet, kitu cha kuchezea, alikula kofi.

Kwetu Vulamba, mtaa wa Butembo, vumbi la barabara linaingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Donc nyumbani kila kitu cha bei kilibaki ndani ya nailo yake ya plastiki ya dukani: viti vya salon ya kupokelea wageni, frigo, televizyo. Mgeni akikaa, kiti kinalia chini yake, na sisi tunajivunia. Papa alifunga na sanamu vilevile, nailo juu ya nailo, akabana na utepe wa skochi, akazipanga kwenye kabati mbele ya dirisha ili jua liziangaze.

Shangazi, dada yake mkubwa, alikimbia vita Mutwanga akafika kwetu na kitenge kimoja na sufuria. Shamba lake la kakao lilibaki kule, na mume wake alibaki kule pia, chini ya udongo. Papa alimpa chumba cha nyuma na kazi ya kupangusa salon. "Ukikaa vizuri, utakaa," alimwambia mbele yetu sote. Shangazi hakuwa na pengine pa kulala.

Kisha sanamu zikaanza kunata. Papa alifungua nailo amuonyeshe mgeni yule mpiganaji, vidole vya mgeni vikakwama kwenye nywele. Uso ulikuwa umegeuka manjano. Mgeni alijifuta kwenye suruali, akacheka. Aibu ile papa hakuimeza.

"Ni mikono yako ya mawese!" alimfokea shangazi. "Unapika, kisha unashika bintu byangu!"

"Ndugu yangu, sijafungua ile nailo hata siku moja. Napangusaka tu bioo."

"Hapana kunidanganya!"

Tangu hapo, kila asubuhi baada ya sala, mama alileta beseni ya maji na sabuni ya unga, na shangazi akaosha mikono mpaka viwikoni mbele yetu kabla ya kukanyaga salon. Mwanamke wa mvi! Papa alinusa vidole vyake kimoja kimoja. Mama alicheka, na kicheko kile bado ninakichukia. Ngozi ya shangazi ikapasuka. Sanamu zikaendelea kunata, na mpiganaji akaanza kuinama juu ya mguu wake mmoja.

Papa akaita motard amrudishe shangazi Mutwanga kwa pikipiki yake. Shangazi alipiga magoti kwenye simenti. "Ndugu yangu, kule banauana."

"Na hapa unaniua mimi," akajibu. Kwa ajili ya mdoli, jamani! Shangazi akapanda pikipiki na sufuria mapajani, wakashika njia ya Beni.

Papa akatia kabati kufuli, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba. Hakuna aliyegusa tena. Mvua zikapita, jua likarudi, akafungua nikiwa pale. Lo! Nailo zote zilikuwa zimelowa mafuta kwa ndani. Mpiganaji alikuwa ameanguka uso kwenye kioo, ameganda nacho. Nilitafuta kwenye simu, nikamsomea papa: plastiki hiyo inalainishwa na mafuta, na ukiifunga bila hewa kwenye joto, mafuta yanatoka yenyewe.

"Papa, ufunguo ulikuwa kwako," nikamwambia.

Alichukua kitambaa akaanza kumpangusa yule mwanamke uso, polepole, kwa upole ambao sijawahi kuuona mkononi mwake.

"Nenda ununue nailo ingine," akasema.

Nilimpigia shangazi simu. Nilimweleza yote kwa furaha kama mjinga: haikuwa mikono yake, hata kidogo, na papa ameona kwa macho yake mwenyewe.

Akaniuliza: "Amesema nirudi?"

"Hapana, shangazi."

"Sasa unaniambia ya nini?"