Mwanangu amenizika shuleni nikiwa hai

Admin, jina langu lifiche vizuri. Wanaonifahamu huku Bellevue ni wengi na midomo yao haina breki.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, Mkongo kutoka Uvira, nasuka nywele hapa Johannesburg mwaka wa kumi na mbili sasa. Mume wangu ni mlinzi. Tuna binti wa miaka kumi na tano, nitamwita Neema, na mdogo wake wa kiume, nitamwita Daudi. Neema anapiga tarumbeta, Daudi ngoma. Walianzia kanisani kwetu Bertrams, kisha mwalimu wa muziki wa shule yao akawachukua wapige kwenye ule mchezo mkubwa wa nyimbo unaoandaliwa na shule. Waigizaji huimba jukwaani, wapigaji hukaa chini mbele yao.

Nawaambia ukweli, jasho la tarumbeta hiyo ni langu pia. Tunaishi chumba kimoja kwenye nyumba iliyokatwakatwa vyumba, na jirani akigonga ukuta kwa kelele za mazoezi, mimi ndiye niliyetoka kwenda kumbembeleza. Mazoezi yakichelewa kuisha nilimwacha mteja na kichwa nusu, nikaenda kuwangoja penye robot, zile taa za kuvukia barabara, kwa sababu njia ile wanapora watoto simu. Mikutano ya wazazi alikwenda baba yao, maana Kiingereza changu ni cha kutaja bei tu. Kwa hiyo mwalimu hakuwahi kuniona.

Siku ya onyesho la kwanza baba yao alikuwa zamu, nikaenda na Mama Josue, mwenzangu wa saluni. Nilivaa kitenge changu cha sherehe. Ukumbi umejaa wazazi, wamekaa kimya kama wagonjwa wanaongoja daktari. Halafu Neema akasimama akapiga peke yake. Jamani! Mwili ulinisisimka, machozi yakanitoka. Mama Josue akanipiga kiwiko: "Mama Neema, mutoto anapiga vile na weye unaikala tu? Enda umutuze!"

Kwetu mtoto wako akipiga vizuri mbele ya watu nawe ukabaki umekaa, watauliza kama ulimzaa au ulimwokota. Basi nikasimama. Nikapiga vigelegele, nikashuka nikicheza mpaka mbele, nikamfuta mwanangu jasho kwa ncha ya kitenge, nikambandika noti kwenye paji la uso. Noti ya Daudi ilikuwa tayari mkononi.

Tarumbeta ikakwaruza, ikanyamaza. Waigizaji wakabaki midomo wazi. Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele, simu zikainuliwa. Mwalimu alinishika mkono akanirudisha kitini kama mtu aliyelewa. Mpaka onyesho linaisha Neema hakuinua macho.

Kesho yake video imezunguka shule nzima. Wenzake wakawa wanambandika karatasi usoni na kumwita lile jina wanalotuitia sisi wageni. Nyumbani hakusema na mimi. Nikimuuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa. Nikajua ni hasira za mtoto, zitapita.

Jumatatu hii nikajipa moyo, nikaenda shuleni kuomba radhi, Daudi awe mkalimani wangu. Kabla sijafungua mdomo, mwalimu akanikumbatia, machozi yanamlengalenga. Akasema maneno mengi. Daudi alitafsiri: "Anasema pole sana, shangazi. Anasema Neema alimwambia mama yetu alikufa Kongo, na wewe ndiye umetulea."

Nilimtazama Daudi. Akatazama viatu vyake. Alijua.

Mwalimu akaendelea. Jumamosi ni onyesho la mwisho, na kabla halijaanza Neema atapiga wimbo wa kumkumbuka marehemu mama yake. Mimi nimewekewa kiti cha mbele. Nikasema tenkyu. Ndilo neno pekee lililonijia.

Nyumbani nilimkalisha Neema. Sikumpiga. Nilimuuliza, "Mwanangu, mimi nimekufa lini?" Alilia sana, kisha akanijibu kwa Kiswahili: "Mama, watu walikuwa wananicheka. Mwalimu aliniuliza yule ni nani, nikasema ni shangazi. Akauliza mama yuko wapi. Habari ikawafika wenzangu, na tangu hapo hawanicheki tena." Akanishika magoti. "Tafadhali Mama, usiwaambie."

Hapo ndipo nilipokwama. Kwetu kutamka kifo cha mama aliye hai ni kumwitia mauti, na tangu Jumatatu chakula hakipiti. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, ila hawakusema anayemkataa mama yake aitweje. Baba yao hajui. Akijua atamtoa shule, na tarumbeta, ambayo ni ya shule, itarudishwa siku hiyo hiyo. Nikisema ukweli, wenzake watammaliza kabisa mwanangu. Nikinyamaza, nitakaa pale mbele nisikilize matanga yangu mwenyewe, na watu watanipa pole.

Na nina hasira, sitaficha. Mtoto huyu nilimvusha mipaka nikiwa nimembeba mgongoni. Leo nimekuwa marehemu kwa sababu nilimshangilia! Halafu nikimwona amelala, namhurumia mpaka naumwa kifua. Ni mtoto, alitafuta mahali pa kujificha, akakuta hakuna pengine isipokuwa kaburi langu.

Leo Daudi amerudi na ujumbe wa mwalimu. Anaomba shangazi apeleke picha ya marehemu, waiweke jukwaani Neema akipiga. Nimemwaga picha zote kitandani, nazitazama. Zote ni mimi. Ninyi mlio wazazi, niambieni kabla Jumamosi haijafika: nimpe ipi?