Mbayuwayu Juu ya Batri

Kwetu Bujumbura neno batri lina maana mbili: ile ya gari, na seti ya ngoma za kizungu ambayo mtu mmoja huipiga akiwa ameketi, mikono na miguu yote ikifanya kazi. Hii ya pili ndiyo niliyoitamani tangu nikiwa msichana. Ngoma zetu za mila, kwa desturi, hupigwa na wanaume. Batri ilikuja bila desturi yoyote, kwa hiyo hakuna aliyenizuia. Nilijifunza kwa kuazima, nikienda Jumamosi kwenye makanisa ya wengine kabla waimbaji wao hawajafika. Siku za kazi nilifundisha darasa la tatu, kama ninavyofanya hadi leo. Kanisa letu la Musaga lilikuwa na kinanda kimoja na makofi yetu.

Kisha familia moja ya wageni iliyokuwa ikihama Kinindo ikatupatia batri yao. Binti yao aliyekuwa akiipiga alikuwa ameshakwenda masomoni, nao hawakutaka kuisafirisha. Ililetwa kwa pikapu Jumamosi moja mchana, imefungwa mablanketi. Tuliifungua uani mwa kanisa, wanakwaya wote tumeizunguka, nami nimepiga magoti mbele. Blanketi la kwanza lilipotoka, wenzangu wakarudi nyuma hatua moja.

Ngoma zote tano zilikuwa zimevikwa plastiki nyeusi yenye picha za mafuvu ya vichwa vya watu. Yalikuwa makubwa kwa madogo, yanacheka, na ndimi za moto zikitoka machoni. Nadhani binti yule aliyachagua kama vijana wanavyochagua fulana, bila kuwaza jambo lolote baya. Mimi mwenyewe sikuyajali sana. Nilikuwa nimeshagonga ngoma ndogo kwa kidole na kusikia sauti yake, na sauti ile ilikuwa safi kuliko ya batri yoyote niliyowahi kuazima.

Mzee wa kanisa, ambaye umri wake umepita miaka sabini na ndiye anayeshika funguo za jengo, alikuja akatazama. Hakukasirika wala hakupaza sauti. Aliniita kando, karibu na tangi la maji.

“Mwalimu,” alisema, “mi nimeona vichwa kama hivi, na haikuwa picha. Siwezi imba nikiviangalia.”

Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye, maana nilidhani atazungumzia shetani na muziki wa dunia. Kwa hilo nilikuwa na majibu. Lakini mtu wa rika lake, aliyeishi miaka ya mauaji katika nchi yetu, akikuambia ameona, humwulizi ameona wapi. Nilimwomba radhi, nikafunika ngoma tena, na jioni ile zikalala kwenye sebule yangu.

Kwa wiki mbili nilitafuta njia. Wazo langu la kwanza lilikuwa kununua karatasi za kubandika ukutani nizigandishe kwa gundi juu ya mafuvu. Mwanakwaya mmoja, jirani yangu, ndiye aliyenikataza. Mume wake ni dereva wa pikipiki, na kiti cha pikipiki yake kilikuwa kimevikwa upya na mama mmoja wa Cibitoke, Mkongomani aliyetoka Uvira. Alisema kiti kile kimepigwa na mvua ya masika mawili bila mshono kufunguka. Mtu anayeweza kukivika kiti namna hiyo, alisema, hawezi kushindwa na ngoma.

Siku zile mafuta yalikuwa adimu mjini. Magari yalipanga foleni kwenye vituo tangu alfajiri, na mabasi yalikuwa machache mno kumpokea mtu mwenye mzigo. Tukaamua kwenda kwa miguu. Tulikuwa wanawake watano, kila mmoja na ngoma yake kichwani, imefunikwa kitenge ili mafuvu yasionekane. Kutoka Musaga kusini hadi Cibitoke kaskazini ni kuuvuka mji wote. Tulifuatana kwa mstari mmoja, aliye mrefu kuliko wote mbele na ngoma kubwa. Hatukuwa tumefikiri tunafanana na nini. Lakini Mrundi yeyote anawajua wapiga ngoma wa mila wanavyoingia uwanjani, ngoma zikiwa vichwani mwao. Watu wa foleni za mafuta walipotuona walianza kushuka kwenye magari. Mwanamume mmoja mwenye mvi alisimama kando ya barabara akapiga makofi polepole, na wengine wakamfuata, mpaka tukapita katikati ya makofi kama watu waliotumwa na mfalme. Hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi. Sikuthubutu kugeuza shingo.

Fundi tulimkuta chini ya paa la bati, kati ya gereji mbili, ameshona nusu ya kiti cha pikipiki. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye vidole vinene na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitupatia maji kwanza. Kisha akafunua kitenge, akayatazama mafuvu kwa muda mrefu, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa plastiki. Nilimweleza kwamba nataka afunike tu, juu kwa juu, kazi iishe upesi.

“Apana,” alisema. “Kidonda haifunikwe na nguo mupya. Tutaitosha kwanza.” Kwao kutosha ni kutoa.

Nilimfungulia ngoma moja. Kwa ufunguo mdogo nikalegeza skrubu, nikatoa pete za chuma na ngozi za juu na chini, ukabaki mwili mtupu wa duara. Yeye akawasha pasi ya makaa, akatandaza kitambaa kibichi juu ya plastiki na kupitisha pasi taratibu. Gundi ya ndani ililegea. Mafuvu yakaanza kujikunja, akayavuta kwa mkono mmoja, yakatoka yote kwa kipande kimoja kama ganda la ndizi. Chini yake palikuwa na mbao ambayo haikuwa imeona jua tangu ilipotengenezwa, rangi ya asali changa. Aliinama akainusa. Akanipa nami ninuse. Wanawake wanne niliokuja nao walisogea mmoja mmoja wakanusa.

Kitambaa alikuwa nacho mwenyewe, kitenge cha bluu nzito chenye mbayuwayu wanaoruka, weupe na manjano. Tulipatana, nikamfungulia na zile nne nyingine, nikamwachia zote pamoja na miguu yake ya chuma. Niliporudi siku ya nne baada ya shule, nilikuta amemaliza ngoma moja, imevikwa vizuri mno, kitambaa kimekunjwa kwa ndani kama anavyokunja ngozi ya kiti. Nilirudisha ngozi na pete, nikakaza, nikapiga.

Ngoma ilikuwa imekufa. Haikuita. Ilitoa sauti ya mtu anayepiga godoro kwa ngumi. Nilikaza zaidi, nikapiga tena, ikawa ile ile. Nilishikwa na aibu kuliko yeye, kwa kuwa nilijua kosa ni langu. Mimi ndiye mpigaji na sikumwambia kwamba ngozi ya ngoma lazima ikae juu ya mbao tupu. Nilijaribu kumfariji kwa kusema pengine itazoea. Aliomba niifungue tena, akafumba macho, akapitisha kidole gumba kuzunguka ukingo wote, mahali pale mbao ilipokatwa kwa mshazari mwembamba. Alizunguka mara moja, mara mbili. Halafu akasimama.

“Hapa ndo ngoma inapumuliaka,” alisema. “Mi nimeifunga pua.”

Alisema hajui muziki hata kidogo, wala kwao hapakuwa na mtu wa muziki. Lakini alikuwa amepaona kwa kidole mahali ambapo mimi, baada ya miaka yote ile ya kupiga, nilipajua kwa maneno tu. Mbele yangu akakibandua kitambaa chote, kazi ya siku nne, akakitupa kwenye kikapu cha vipande.

Ndipo akaniomba jambo ambalo sikulielewa. Alitaka nizirudishie ngoma zote ngozi zake, nipange batri nzima pale chini ya paa, mbao zikiwa bado hazina kitambaa, kila ngoma mahali pake na kwa urefu wake, kisha nikae nipige kama nitakavyopiga kanisani. Nilifanya hivyo. Mafundi wa gereji wakaacha spana zao. Nilipiga kwa robo saa hivi, naye akinizunguka, anainama, anarudi nyuma, anafumba jicho moja. Kisha akaniambia nisisogeze kitu, akachukua uzi na chaki, akavuta mstari kutoka ngoma moja hadi nyingine, akiandika alama ndogo kwenye kila mbao na kwenye sakafu ya saruji chini yake. Nilidhani anapima ukubwa. Aliniambia nirudi baada ya wiki moja, nisije kabla.

Wiki ile nilifundisha vibaya. Nilirudi Jumamosi asubuhi na wenzangu wale wanne. Ngoma zilikuwa zimepangwa juu ya mkeka, kila moja peke yake, zinang'aa kwa vanishi, kitambaa kimeishia upana wa punje ya mchele kabla ya ukingo. Nilitafuta mahali mbayuwayu alipokatwa na mshono, sikupaona upande wa mbele. Tayari hilo lilinitosha. Nilifunga ngozi, nikapiga ngoma moja, na sauti ikatoka nzima, ikagonga bati na kurudi.

“Sasa zipange,” alisema fundi. “Fuata chaki.”

Tulizipanga kwa kufuata alama alizoacha kwenye sakafu. Tulipomaliza, mwenzangu mmoja aliyekuwa amesimama mbele alinishika mkono akanivuta upande wake.

Ndege walikuwa wanatoka kwenye ngoma ya pembeni kulia, chini, wachache. Walipanda wakavuka uso wa ngoma kubwa kwa mstari mmoja usiokatika, wakaongezeka, wakaingia kwenye ngoma mbili za juu, na wa mwisho waligeukia ngoma ndogo kana kwamba wanatua. Kati ya ngoma na ngoma palikuwa na hewa tupu, lakini bawa lililoanza huku lilimalizikia kule. Lilikuwa kundi moja. Ngoma tano zilikuwa zimekuwa kipande kimoja cha anga. Nimeona vitu vizuri maishani, nimeiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa baada ya mvua, lakini vile hakuna mtu aliyevitengeneza kwa uzi na chaki nikimwangalia. Nilijikuta nimekaa chini, pale pale kwenye vumbi. Fundi mmoja wa gereji alijifuta mikono kabla ya kusogea karibu, ingawa hakuwa na nia ya kugusa.

Nilimwuliza mama yule alijuaje. Alinijibu kwa utulivu kwamba kiti cha pikipiki hakishonwi kikiwa peke yake, kinashonwa kwa kumfikiria mtu atakayekaa.

Jumapili mzee wa kanisa alifika mapema, kama kawaida yake. Alizunguka batri mara moja, mikono nyuma. Aliniuliza kitu kimoja tu, iwapo vichwa vile bado viko chini ya kitambaa. Nilimwambia havipo, vilitolewa kabla ya yote. Aliitikia kwa kichwa, akavuta kiti chake kutoka mstari wa tatu anakokaa siku zote, akakileta mbele kabisa. Tulipoanza wimbo wa kwanza nilimsikia. Nilikuwa nimeimba naye miaka mingi bila kujua kwamba ana sauti ya chini nzito namna ile.

Fundi naye alikuja siku hiyo. Alikaa karibu na mlango, akasikiliza macho yakiwa yamefumbwa, na akaondoka kabla hatujatoka, kwa kuwa ana kanisa lake. Tangu wakati huo makwaya mengine mawili yamemfuata Cibitoke, lakini kazi yake kubwa bado ni viti vya pikipiki.

Mishono ipo. Niliigundua wiki kadhaa baadaye, nikiwa nimekaa nasubiri mahubiri yaishe. Aliiweka yote upande wangu, mahali ambapo waumini hawawezi kuiona, mishono mitano iliyonyooka, kila mmoja ukielekea kwenye kiti changu. Pale ndege wamekatwa kweli, bawa huku na mkia kule. Mtu anayeweza kuwaona ni mpigaji peke yake. Kila Jumapili, kabla sijainua fimbo za ngoma, naipitishia mishono ile kidole.